Kobe wa Uani kwa Salama

Matofali yalipungua mia mbili, na harusi ilikuwa keshokutwa.

Mwinyijuma alizunguka nyuma ya banda la kuku akidhani labda kuna fungu lililosahauliwa huko. Alikuta kuku. Akarudi uani, mwiko bado mkononi, akaegemea ukuta ili aione kazi yake yote kwa mara moja, na hapo akatamani asingeegemea.

Ua wa dada yake Salama ulitakiwa kufunikwa wote kwa matofali ya sakafu, yale bapa ya zege, ya mraba. Ishirini na tano huku, ishirini na tano kule. Mwinyijuma alianzia pembeni kabisa, karibu na mlango wa uani, mahali patakapowekwa kiti chake yeye mjomba mtu. Hapo alitandaza kimraba kidogo cha tano kwa tano, kimenyooka, kimekaa sawa na pimamaji. Kisha akahamia kibarazani, akatandaza mraba mkubwa wa ishirini kwa ishirini, akielekea kule alikoanzia. Miraba hiyo miwili sasa ilikuwa imegusana kwa ncha tu. Kushoto kwa kile kidogo, udongo. Kulia kwake, udongo. Na matofali yote yaliyoletwa na lori yalikuwa yamekwisha.

Hajira, bibi harusi mwenyewe, alikuwa akichungulia dirishani, maana wiki ile hakuruhusiwa kutoka nje.

"Shikamoo mjomba," alisema. "Huyo kobe umemchora kwa ajili yangu?"

"Marahaba. Kobe gani?"

"Si huyo. Gamba hilo kubwa, na kichwa kile kimetokeza pale mlangoni."

Mwinyijuma alimwambia afunge dirisha, vumbi lisije likamharibia liwa aliyopakwa usoni. Lakini alipotazama tena, alimwona kobe, na tangu hapo hakuweza kuona kitu kingine.

Salama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mkubwa kwake, na hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alizunguka sakafu yote polepole, akakanyaga udongo uliobaki upande mmoja, akavuka, akakanyaga na wa upande wa pili. Kisha akamkumbusha mdogo wake mambo ambayo hakuwa amesahau.

Kwenye harusi ya dada mkubwa wa Hajira mvua ilinyesha, na ua huu ukageuka tope. Wanawake wa upande wa mume waliteleza, mmoja akaanguka na sinia la wali, na kabla hajainuka wenzake walikwishatunga wimbo. Wimbo ule uliimbwa Kisarawe mpaka Maneromango. Safari hii Abeid, shemeji yao, ndugu wa marehemu mume wa Salama, alikuwa ameshasema wazi kwamba kwake Mlandizi kuna ua wa saruji, kuna paa la bati, na shughuli ingekaa vizuri tu. Salama alikataa kwa sababu moja. Kwa Wazaramo mjomba ndiye mwenye mwali. Ikifanyika kwa Abeid, Abeid ndiye atakayekaa kwenye kiti, na Mwinyijuma atakuwa mgeni kama wageni wengine, tena mgeni wa kupangiwa mahali pa kuvua viatu.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa nataka nitembee ua mzima bila kugusa udongo," Salama alisema. "Nikigusa, nampigia Abeid simu. Wewe utakuja Mlandizi na zawadi yako kama watu."

Akarudi jikoni.

Sasa ieleweke kwamba Mwinyijuma hakuwa fundi mbovu. Kuta zake zilisimama. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akishapata jibu la hesabu, alilipenda, na hakupenda tena kuliuliza lilikotoka. Mwanzoni Salama alitaka ua wa matofali ishirini kila upande. Baadaye akasikia watu wa mume wanakuja na basi badala ya gari dogo, akasema ongeza matano kila upande. Mwinyijuma akafanya hesabu papo hapo, amesimama. Ishirini kwa ishirini, mia nne. Tano kwa tano, ishirini na tano. Jumla mia nne na ishirini na tano. Ilikuwa hesabu safi, haina mkia, akaenda nayo hadi Kongowe ya Kibaha kwa Dotto.

Dotto alikuwa mfyatuzi wa matofali, Mnyamwezi aliyehamia Kibaha zamani akaoa hukohuko. Na kama ijulikanavyo, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Watani hawa wawili walikuwa wameshaporana hadi kofia msibani. Mtu wa kawaida ukikosea mbele yake atakusahihisha. Mtani ana haki ya kukutazama unavyokwenda shimoni, kisha akusubiri chini akudai.

Siku ile ya kuagiza, Mwinyijuma alimweleza kila kitu, ukubwa wa kwanza na nyongeza ya dada, kisha akataja idadi yake. Dotto alimtazama usoni, akamtazama viatu, akauliza kwa upole kama hayo ndiyo matofali yote.

"Ndiyo yote. Au kwenu Tabora hesabu mnazipigia kichwani mkiwa mmejitwika mizigo?"

"Sisi tulikuwa tunatua mzigo kwanza, ndipo tunahesabu," Dotto alisema. "Una uhakika, mtani?"

"Kila mstari wa matofali ishirini utakaopungua, njoo uchukue kuku."

"Kuku, au kifaranga?"

"Kuku mzima anayetaga."

Dotto alimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya vijana waliokuwa wakipakia mzigo wa mtu mwingine, kwa kuwa sikio lake moja, alisema, lina maji. Mwinyijuma aliyarudia kwa sauti. Vijana walicheka, naye akadhani wanamcheka Dotto.

Hayo yote alikuwa akiyakumbuka Alhamisi ile akiwa ndani ya kirikuu ya Faraji, gari dogo la mizigo lisilo na kioo upande wa abiria, wanatoka Kisarawe kwa njia ya Kiluvya. Aliumiza kichwa njia nzima. Hesabu yake aliipitia tena na tena na kila mara ilikuwa sawa. Ishirini kwa ishirini ni mia nne, hata mtoto anajua. Tano kwa tano ni ishirini na tano. Sasa ardhi ya Salama ilikuwa imeongezeka vipi? Kwa kitambo kidogo, tuseme kuanzia Kiluvya hadi Maili Moja, alimshuku Abeid kwamba amesogeza ukuta.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tofali la zege likitoka kwenye fremu linataka kumwagiwa maji wiki nzima ndipo likanyagwe. Hata Dotto akianza kufyatua saa hiyohiyo, harusi itapita, na wajukuu watazaliwa, tofali bado bichi. Na la mtu mwingine halingefaa, kila mfyatuzi ana fremu yake. Kwa hiyo hakuwa anakwenda Kongowe kuchukua kitu. Alikuwa anakwenda kwa sababu kukaa uani na yule kobe alishindwa.

Walipopita kituo cha Kwa Mathias, wachuuzi wamezingira mabasi na mayai ya kuchemsha, alikuwa ameshaamua aseme uongo. Atasema yalivunjika njiani.

Dotto alimpokea vizuri, akampa kigoda, akamuuliza hali ya dada na ya mwali. Mwinyijuma alijibu zote nzuri, kisha akakohoa na kusema kwamba ile barabara ni mbaya sana, na matofali mengine yamevunjika.

"Pole sana. Mangapi?"

"Kama mia mbili hivi."

"Kama mia mbili, au mia mbili?"

Dotto alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyefiwa na jirani wa mbali.

"Hiyo barabara ina adabu," alisema. "Imevunja mistari kumi kamili, haikugusa hata tofali moja la mstari wa kumi na moja."

Akainuka, akamwita kwa kidole. Nyuma ya kibanda cha saruji kulikuwa na fungu limefunikwa magunia mabichi. Dotto alivuta gunia moja. Chini yake yalikuwa matofali ya sakafu, yamepangwa, yamekomaa vizuri, ya umri uleule na yale yaliyokwenda Kisarawe. Na juu ya fungu lilikuwa limewekwa tenga la kuku, jipya, tupu, mlango wazi.

Mwinyijuma alilitazama tenga kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama matofali.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua ulipofungua mdomo."

"Na ukaniacha nikapakia, nikaenda, nikatambaa kwa magoti siku mbili."

"Ningekwambia, ningekuwa ndugu yako," Dotto alisema. "Mimi ni mtani wako. Nilifanya kazi yangu. Niliyafyatua siku ileile na yale mengine, nikayamwagia maji, nikangoja."

Mwinyijuma hakujua amkumbatie au ampige kibao. Kilichomuuma zaidi ni kwamba bado hakuelewa alikosea wapi, na kuuliza ilikuwa sawa na kuvua shati sokoni. Alijizuia. Akazunguka fungu, akajifanya anakagua pembe za matofali. Mwisho akauliza, lakini akiwa ameangalia pembeni, kama mtu anayemuuliza mti.

Dotto hakumcheka. Aliokota matofali manne akayaweka chini, mawili kwa mawili. Akaweka tofali moja kwenye ncha.

"Ulitaka ua wa mawili kila upande. Dada akasema ongeza moja. Mawili kwa mawili, manne. Moja kwa moja, moja. Jumla?"

"Matano."

"Haya, niambie, ua wa matatu kwa matatu una mangapi?"

"Tisa," Mwinyijuma alisema, na kabla hajafunga mdomo alikuwa ameshamwona kobe mdogo pale chini, gamba lake na kichwa chake, na mabega mawili ambayo hakuna mtu aliyeyawekea kitu. Yale matano ya nyongeza hayakupaswa kuzidishana yenyewe kwa yenyewe tu kule pembeni. Yalipaswa kutembea ubavuni mwa yale ishirini, upande huu na upande ule. Tano kwa ishirini, mia. Na mia nyingine.

"Ungejaribu kwa namba ndogo kabla ya kupakia," Dotto alisema, "ungeaibika peke yako."

Faraji alisema gari lake halibebi zaidi ya mia moja kwa safari. Mia ya kwanza ilipakiwa jioni hiyo. Matofali yote mia mbili Dotto aliyatoa kuwa zawadi ya mtani kwa bibi harusi, wala hakutaka mjadala. Alitaka tenga tu lijae.

Ijumaa asubuhi Faraji alirudi Kongowe kuchukua mia ya pili, na safari hii Dotto mwenyewe alikuja nayo, amekaa nyuma juu ya matofali, tenga mapajani, kofia imebanwa kwa mkono. Mwinyijuma alikuwa ameshajaza bega moja la kobe. Walijaza la pili pamoja, Dotto akipitisha matofali na maneno, Mwinyijuma akipokea yote mawili. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu kibarazani waliacha kumenya, maana utani wa watu wazima wawili wenye magoti mabovu hauonekani kila siku.

Watu walipotoka msikitini kazi ilikuwa imekwisha. Salama alivua kandambili. Alitembea kutoka kibarazani hadi mlangoni, akarudi kwa upande mwingine, akapita ukingoni kabisa mwa ukuta akitafuta udongo kwa vidole vya mguu. Hakuupata. Hakusifu. Alisema tu kwamba kiti cha mjomba kitolewe ndani kifutwe vumbi, na Mwinyijuma akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu jana.

Ndipo Dotto akaliweka tenga katikati ya ua.

Salama aliposikia kuku kumi, akashika kiuno. Kuku wote waliokuwepo bandani, aliowaleta Mwinyijuma kwa ajili ya shughuli, ni kumi na wanne, na hao ndio mchuzi wa basi zima la wakwe. Alimwambia Dotto kwamba anajua haki yake ya utani, hawezi kuikataa, lakini amwangalie mwali.

Dotto alilitazama dirisha, na dirishani palikuwa na jicho moja linacheka.

"Kwa ajili ya mwali, nasamehe nusu," alisema.

Laiti Mwinyijuma angeishia hapo. Lakini alikuwa ameshinda ua, ameshinda kiti, damu imechemka. Akaona mlango wa msamaha, akapita mbio.

"Na kwa ajili yangu mimi, mjomba mtu, niliyechubuka magoti, samehe nusu nyingine."

Dotto alijikuna shingo. Alifikiri. Ilionekana kama neno lile limemgusa.

"Haya," alisema. "Kwa ajili yako, nusu nyingine."

Mwinyijuma aliwageukia wanawake, akanyanyua mikono miwili, akatangaza kwamba wote ni mashahidi: nusu imesamehewa na nusu nyingine imesamehewa, nusu na nusu ni zima, Mnyamwezi arudi Kongowe na tenga lake atie mkaa. Wanawake walipiga vigelegele. Dotto alisubiri viishe. Kisha akamtazama Mwinyijuma usoni, akamtazama viatu.

"Una uhakika, mtani?"

Mtu mwenye akili zake angeukumbuka mtazamo ule. Mwinyijuma alikuwa na akili, ila wakati huo alikuwa amezituma kwingine.

"Ninao hivi: kama nadaiwa hata unyoya, mchukue na yule."

Alimwonyesha jogoo mwekundu aliyekuwa juu ya ukuta. Jogoo yule alikuwa mali yake mwenyewe, alimleta kwa dada yake akae na majike. Aliitwa Diwani, kwa sababu alizungukia nyumba za watu kila asubuhi, akapiga kelele, na hakuna alichowahi kufanya. Mwinyijuma alimpenda kupita kiasi.

Dotto alikalia tenga.

"Nusu ya kumi ni wangapi?"

"Watano."

"Hao nimemsamehe mwali. Wamebaki wangapi?"

"Watano."

"Nusu ya waliobaki?"

Mwinyijuma alianza kuhesabu kwa vidole. Alijaribu kuirudisha ile nusu ya pili iwe nusu ya kumi, lakini wale kumi hawakuwepo tena, watano walikwishasamehewa, na mtu hawezi kusamehewa kuku yuleyule mara mbili. Wanawake walijibu kwa niaba yake, kwa pamoja, kwa raha, kama watoto wa darasa la pili.

"Wawili na nusu."

Salama alikaa chini kwenye sakafu mpya akicheka hadi khanga ikamtoka begani. Ndiye aliyeamua lile la nusu. Kuku wa tatu atachinjwa na kuingia sufuriani kama wenzake, na upande wa kulia, paja na bawa na nusu ya kidari, atapakuliwa Dotto mbele za watu. Hilo lilikubaliwa. Kumshusha Diwani ukutani kulichukua watu wanne na kipande cha nyavu.

Jumamosi mvua ilinyesha kidogo, kama iliyotumwa. Wanawake wa upande wa mume walishuka kwenye basi wamefunga vibwebwe na ule wimbo wa tope mdomoni, wakaingia uani, wakatazama chini, wakakosa pa kuanzia. Walicheza bila mtu kuteleza. Mwinyijuma alikaa kwenye kiti cha mjomba, koti jeusi, bakora mapajani, palepale kwenye kimraba cha tano kwa tano alichokitandaza kwanza, na Abeid wa Mlandizi alikuja kumpa mkono kama mgeni. Hajira alipotolewa nje alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, akapiga goti, akamnong'oneza kwamba amekaa kichwani mwa kobe.

Wale wa upande wa mume walimsikia. Walikuwa na ngoma, walikuwa na sauti, na wimbo wao ulikuwa umekosa kazi. Kabla wali haujapakuliwa walikuwa wameshatunga mwingine.

Kwa hiyo hesabu ya mjomba ilikaa hivi. Safari mbili za kirikuu hadi Kongowe. Ngozi ya magoti mawili. Majike wawili wazima na nusu ya wa tatu, upande wa kulia. Diwani, ambaye sasa anawika Kibaha. Na jina lake alilopewa na babu yake, Mwinyijuma, ambalo limebaki kwenye kitambulisho tu, maana kutoka Kisarawe mpaka Maneromango hakuna anayemwita tena vingine ila Mjomba Kobe.